Simu Iwakumbushe Wazee Wetu Kutembea

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, kutoka Kunduchi na Mapinga hadi Bagamoyo na Saadani, wazee wengi wamebaki majumbani ilhali watoto wao wanatafuta riziki Dar es Salaam. Fedha za matumizi humfikia mzazi kwa simu. Hilo ni jema, lakini fedha haimwinui mzee kitini. Akizoea kukaa kutwa barazani, viungo hukakamaa, kisukari na shinikizo la damu hupata njia, na huenda siku moja akaanguka uani akavunjika nyonga.

Wengi hudhani mazoezi ni ya vijana. Katika riwaya ya Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) safarini, ilhali umri wake ulikwishapita miaka 50. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa wiki, na siku 3 wajizoeze kusimama imara ili wasianguke.

Kinachowashinda wengi ni kusahau na kuahirisha. Mwaka 2012 ilianzishwa nchini huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito ujumbe mfupi wa Kiswahili, bila malipo, kuwakumbusha kliniki. Ikiwa mama mjamzito alikumbushwa kwa simu, kwa nini asikumbushwe bibi?

Basi mwekee mzazi kengele ya simu baada ya Alasiri, jua linapopoa. Hata hivyo, kengele huzimwa kwa kidole. Sauti ya mwana ina uzito zaidi. Asiyeona herufi ndogo apigiwe: "Shikamoo baba, leo umetembea?" Babu aende msikitini kwa miguu, apate na thawabu ya hatua zake. Bibi azunguke uani, au ainuke na kuketi mara kadhaa huku ameshika ukuta. Mwenye maradhi amwulize daktari kwanza. Akihisi maumivu ya kifua, aache na awahishwe hospitali.

Katika Suratul Israa, Allah (S.W.) ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee. Kuwatumia fedha ni sehemu ya wema huo. Kuwahimiza watembee ni sehemu nyingine, nayo haichukui ila dakika chache.

Wabillahi tawfiq.