Korongo wa Dampo, Furu wa Ghuba

Korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni wanaojazana kwenye dampo la Buhongwa, jijini Mwanza, huwafanya watu wengi waamini kwamba viumbe pori wameshauzoea mji. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, wakazi wa wilaya za Nyamagana na Ilemela waliongezeka kutoka takriban 700,000 hadi zaidi ya milioni 1.1, na korongo bado wanashiba. Lakini ndege huyu ni mla mizoga tangu asili; taka zetu zimemletea karibu kile alichokuwa akikitafuta nyikani. Anayetaka kujua hali ya viumbe wasio na bahati hiyo ayatazame maji ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza samaki waitwao furu katika miaka ya 1970.

Sangara, samaki wanaowala furu, walipotapakaa ghubani katika miaka ya 1980, spishi nyingi za furu zilitoweka. Maji nayo yalikuwa yakibadilika. Udongo wa mashambani na maji taka ya mjini viliyarutubisha, mwani ukastawi, na ziwa likapoteza uangavu wake. Joto linazidisha tatizo, kwa sababu maji ya juu yakishapata moto huelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo, na huko chini oksijeni hupungua. Jambo linalonisikitisha zaidi ni hili: jike la furu humtambua dume wa spishi yake kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hizo hufifia, majike hushindwa kuchagua, na spishi zilizokuwa mbalimbali huzaliana hadi tofauti zao zinapotea.

Mtu atauliza: mbona furu walirudi? Ni kweli. Sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu waliongezeka tena kuanzia miaka ya 1990, na mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, alirudi akiwa na mashavu makubwa zaidi ya kuvutia oksijeni na akila mawindo makubwa kuliko zamani. Mabadiliko hayo yalichukua takriban miongo miwili tu, nayo yanastaajabisha. Ila waliorudi ni sehemu ndogo ya waliokuwepo, na spishi ikishamezwa na nyingine hairudi hata maji yakisafishwa.

Wapo pia watakaosema watu wanahitaji nyumba kabla ya samaki. Wanazihitaji, na Buhongwa itaendelea kujengwa. Lakini nyumba hazilazimiki kumwaga uchafu mtoni, wala viwanja havilazimiki kupimwa hadi ndani ya mafunjo yanayochuja maji kabla hayajafika ziwani. Halmashauri ya Jiji iyazuie maji machafu ya dampo yasifike ziwani, na iyawekee mafunjo yaliyobaki mipaka kabla viwanja vipya havijagawiwa.