Kanisa lililofuta jina la mfalme

Ndugu msomaji, katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani, kimehifadhiwa kitabu cha sala ambacho maneno yake yamekatwa mistari kwa kalamu. Hiyo si kazi ya mtoto mtundu. Aliyekata mistari hiyo ni kasisi mwenyewe, Jacob Duché, naye alifuata uamuzi wa halmashauri ya kanisa lake. Palipokuwa na maombi ya kumwombea Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, jina la mfalme lilifutwa, na mahali pake wakawekwa viongozi wa nchi mpya. Uamuzi huo ulipitishwa tarehe 4 Julai, 1776, siku ile ile ambayo wajumbe wa makoloni 13 walipitisha Tangazo la Uhuru katika mji huo huo.

Kanisa lenyewe ni Christ Church, yaani Kanisa la Kristo, nalo lingali limesimama katika Mtaa wa Pili, karibu na Mto Delaware. Historia yake inamfaa kila mtu ambaye nchi yake imewahi kutawaliwa na wageni, awe Mkristo au asiwe. Maana ndani yake limo swali zito: mtu akijikomboa kutoka mikononi mwa bwana wake, je, atakuwa tayari kumwachia huru yule anayemtumikia yeye?

KANISA LA MFALME KATIKA KOLONI LA WAKWEKA

Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili alimpa William Penn eneo kubwa la ardhi huko Amerika, kulipa deni ambalo ufalme ulikuwa ukidaiwa na marehemu baba yake Penn. Wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo hawakuulizwa na mfalme. Penn alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Wakweka, watu wasiokubali makasisi wala fahari za ibada, naye akaruhusu kila mtu aabudu kwa kadiri ya imani yake. Hata hivyo, katika hati ya mfalme kiliingizwa kifungu kilichosema kwamba wakazi 20 wakimwomba Askofu wa London awapelekee mhubiri, mhubiri huyo asizuiwe. Kifungu hicho ndicho kilichozaa parishi ya Christ Church mwaka 1695.

Kwa hiyo, kanisa hili lilikuwa tawi la Kanisa la Uingereza, ambalo mkuu wake hapa duniani alikuwa mfalme. Katika makoloni yote ya Amerika hapakuwa na askofu hata mmoja. Kijana aliyetaka kuwa kasisi alilazimika kuvuka Bahari ya Atlantiki kwenda London ili awekewe mikono, na huko aliapa kumtii mfalme. Wapo waliokufa safarini, ama kwa dhoruba, ama kwa ndui. Watoto nao walikua na kuzeeka bila ya kupata kipaimara, kwa kuwa kipaimara hutolewa na askofu, na askofu alikuwa ng'ambo. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyo: hata baraka huagizwa kutoka nje.

MNARA ULIOJENGWA KWA BAHATI NASIBU

Jengo tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1727, likisimamiwa na daktari mmoja wa mji, John Kearsley. Ni jengo la matofali, lenye madirisha makubwa na nguzo ndefu ndani, lililofuata mtindo wa makanisa ambayo Christopher Wren aliyajenga London. Sehemu kubwa ya kazi ilikamilika mwaka 1744, lakini mnara ulikuwa bado, kwa sababu fedha zilikuwa zimepungua.

Ndipo ikachezeshwa bahati nasibu, na miongoni mwa wasimamizi wake alikuwamo Benjamin Franklin, mpiga chapa na mwanasayansi mashuhuri. Mwaka 1754 mnara ulimalizika, ukiwa na urefu wa futi 196, yaani karibu mita 60. Kwa miaka mingi hapakuwa na jengo refu kupita hilo katika makoloni yote, na mabaharia waliokuwa wakipanda Mto Delaware waliutumia mnara huo kuutambua mji. Mwaka huo huo zilifika kengele nane kutoka kiwanda cha Whitechapel, London, kiwanda ambacho miaka miwili kabla yake kilikuwa kimesubu Kengele ya Uhuru maarufu.

Limo pia humo birika la ubatizo la mti wa jozi, lililopelekwa kutoka London mwaka 1697. Katika birika hilo, lilipokuwa bado katika kanisa la All Hallows karibu na Ngome ya London, ndimo alimobatizwa William Penn mwenyewe mwaka 1644, kabla hajawa Mkweka.

Siku hizo watu walilipia viti. Familia ilikodi kiti chake kwa mwaka, kiti cha mbao kilichozungushiwa ukuta mfupi mfano wa sanduku, na mahali pa kukaa palionyesha hadhi ya mtu. Humo walikaa matajiri wa bandarini, mafundi, wanasiasa, na baadaye hata Rais George Washington, Philadelphia ilipokuwa makao makuu ya Marekani kuanzia mwaka 1790.

KASISI ALIYEGEUKA NJIANI

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba kufuta jina la mfalme lilikuwa jambo jepesi. Kila kasisi wa kanisa hilo alikuwa ameapa kumtii mfalme. Kuliondoa jina lake katika sala kulikuwa ni kuvunja kiapo, na mbele ya sheria ya Uingereza ulikuwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo.

Jacob Duché alilijua jambo hilo. Ni yeye aliyeombwa kufungua kikao cha Bunge la Makoloni kwa sala mwezi Septemba mwaka 1774, na wajumbe walimsifu sana. Lakini mwaka 1777 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Philadelphia. Duché alitiwa kizuizini kwa muda mfupi, kisha akaachiwa. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo alimwandikia Jenerali Washington barua ndefu akimshauri alitake Bunge lifute Tangazo la Uhuru. Washington aliikabidhi barua hiyo kwa Bunge, na jina la Duché likaharibika. Alikwenda Uingereza, akakaa huko miaka mingi, asirudi Philadelphia hadi mwaka 1792.

Huenda wengi wakamcheka. Lakini historia ya kila nchi iliyopigania uhuru ina watu wa namna hii, waliosimama imara siku ya vifijo, wakatetereka siku ya risasi.

Nafasi yake ilishikwa na kijana mpole, William White, mzaliwa wa Philadelphia. Alikuwa kasisi wa Bunge wakati mambo yalipokuwa magumu kabisa, na mwaka 1779 akawa mkuu wa parishi.

KUTAFUTA ASKOFU BILA KUMSUJUDIA MFALME

Vita viliisha mwaka 1783. Uhuru ulipatikana, lakini kanisa lilibaki yatima. Halingeweza tena kuitwa Kanisa la Uingereza, na bila askofu lisingeweza kupata makasisi wapya. White mwenyewe alikuwa amekwenda London miaka ya nyuma kupata ushemasi na ukasisi, na aliyajua mateso ya njia hiyo. Mwaka 1782 aliandika kijitabu akipendekeza kanisa lijiendeshe lenyewe, walei na makasisi wakikaa pamoja katika vikao vya kutoa maamuzi.

Mwaka 1784 Samuel Seabury wa Connecticut aliwekwa wakfu kuwa askofu na maaskofu wa Scotland, ambao hawakumdai kiapo kwa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1785 mkutano mkuu wa wajumbe kutoka majimbo kadhaa ulifanyika ndani ya Christ Church. Mwaka 1786 Bunge la Uingereza lilikubali yaishe: likapitisha sheria ya kuruhusu raia wa nchi nyingine kuwekwa wakfu bila ya kiapo hicho. Tarehe 4 Februari, 1787, William White na Samuel Provoost wa New York waliwekewa mikono na Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1789 mkutano mkuu ulikutana tena Philadelphia, ukapitisha katiba ya kanisa na Kitabu cha Sala kisicho na jina la mfalme. Ndivyo lilivyojengeka Kanisa la Episkopali, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya askofu.

Jambo hili linatuhusu na sisi wa Afrika Mashariki. Waanglikana wa Marekani walionyesha kwamba kanisa linaweza kubaki katika jamaa moja ya imani na Canterbury, lakini likachagua viongozi wake na kutunga katiba yake. Kwetu hilo lilikuja baadaye sana. Jimbo la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1960, na Tanzania ikawa jimbo linalojitegemea mwaka 1970, likiongozwa na Askofu Mkuu John Sepeku.

NA WALE WALIOTUMIKISHWA?

Sasa turudi kwenye lile swali letu la mwanzo. Katika Philadelphia hiyo iliyokuwa ikiimba uhuru, walikuwamo Waafrika walionunuliwa na kuuzwa. Kanisa halikuwasahau kabisa: kuanzia mwaka 1747 kasisi msaidizi William Sturgeon alipewa kazi ya kuwafundisha dini, na mwaka 1758 ilifunguliwa shule ya watoto weusi chini ya uangalizi wake. Lakini kumfundisha mtumwa Amri Kumi ni jambo moja, na kumwachia huru ni jambo jingine.

Mmoja wao alikuwa Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa huko Delaware mwaka 1746. Alipokuwa na umri wa miaka 16 bwana wake aliwauza mama yake na ndugu zake, akahamia Philadelphia akiwa na Absalom peke yake. Kijana alifanya kazi dukani mchana, na usiku akasoma. Mwaka 1770 alifunga ndoa katika kanisa la St. Peter's, ambalo lilikuwa pacha wa Christ Church, chini ya makasisi wale wale na halmashauri ile ile. Mke wake naye alikuwa mtumwa. Absalom alikusanya fedha, akamkomboa kwanza mkewe, kwa sababu sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Yeye mwenyewe hakupata uhuru hadi mwaka 1784, miaka minane baada ya jina la mfalme kufutwa.

Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilikuwa imeanza kuukomesha utumwa, lakini polepole mno. Mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya sheria hiyo alitakiwa kutumika hadi afikishe miaka 28. Hata Rais Washington, aliyekuwa na kiti chake Christ Church, aliwasafirisha watumwa wake nje ya jimbo kabla miezi sita haijatimia, ili wasije wakapata haki ya kuwa huru. Mmoja wao, msichana Oney Judge, alitoroka mwaka 1796 na hakukamatwa.

Mwaka 1787 Jones na mwenzake Richard Allen walianzisha chama cha kusaidiana cha Waafrika huru. Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 mjini humo. Matajiri walikimbia; Jones, Allen na wenzao walibaki wakiuguza wagonjwa na kuzika maiti. Mwaka uliofuata, Jones na waumini wake walifungua Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Thomas, wakaomba kupokewa na Askofu White kwa masharti yao wenyewe: mali na mambo ya kanisa lao yawe mikononi mwao, na kiongozi awe wao.

White alikubali. Mwaka 1795 alimweka Jones kuwa shemasi, na baadaye kasisi, mtu mweusi wa kwanza kushika daraja hilo katika Kanisa la Episkopali. Lakini kulikuwa na mwiba ndani ya zawadi hiyo. Jones alisamehewa kujua Kigiriki na Kilatini, na badala yake kanisa lake likanyimwa haki ya kupeleka wajumbe katika mkutano wa dayosisi. Marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1860. Waliopigania kutotawaliwa bila kuwakilishwa waliwanyima wenzao uwakilishi kwa miaka karibu 70.

Jones alifariki dunia mwaka 1818, na White mwaka 1836. White amezikwa ndani ya Christ Church, na katika makaburi ya parishi wamelala watu saba waliotia sahihi Tangazo la Uhuru, akiwamo Franklin, ambaye wageni humtupia sarafu juu ya kaburi. Kanisa la Mtakatifu Thomas nalo lingali hai, ingawa limehama katika jengo lake la kwanza.

Ndugu msomaji, kukata jina la mfalme katika kitabu kulihitaji ujasiri, na wale wazee wa mwaka 1776 wanastahili heshima yao. Lakini mstari wa kalamu ulimalizika kwa siku moja. Kazi ya kumpa Absalom Jones kiti cha haki katika kikao cha ndugu zake ilihitaji muda mrefu kuliko umri wake wote.