Vitabu vya Kusoma Dodoma, Kuanzia Chekechea Hadi Uzeeni

Mtoto asiyejua kusoma ndiye msomaji wa kwanza wa kufikiriwa nyumbani, kwa sababu yeye husoma kwa masikio. Kitabu kinachomfaa kina sentensi fupi, picha kubwa na viumbe anaowaona kila siku: mbuzi, kuku, punda, na fisi ambaye watoto wa Ugogo humsikia usiku kabla ya kumwona kwenye karatasi. Vitabu vya namna hiyo kwa Kiswahili viliongezeka baada ya mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mradi huo uliwafunza waandishi na wachoraji, ukanunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa mashuleni. Bila mnunuzi wa uhakika, wachapishaji wengi wasingethubutu kuchapa hadithi zisizo za kiada.

Kwa umri wa miaka minane hadi kumi na moja, hekaya za Abunuwasi bado hazijapata mshindani. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, anaeleza kwamba ile kubwa imezaa. Jirani anazipokea zote mbili kwa furaha. Mara ya pili sufuria hairudi. Jirani anapoiulizia anaambiwa imekufa. Aliyekubali uzazi anakataaje kifo? Mtoto wa darasa la nne hucheka kwanza, kisha huanza kubishana na mwenzake kama jirani alionewa au alijitakia. Ubishi huo una faida kuliko maswali kumi ya ufahamu yanayowekwa mwishoni mwa sura.

Wanaomaliza shule ya msingi wanahitaji safari. "Marimba ya Majaliwa" ya Edwin Semzaba, iliyotolewa na E&D Vision mwaka 2008, inamzungusha kijana katika nchi nzima ya Tanzania, na msomaji anajikuta amejifunza jiografia bila kukaririshwa. Katika mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba, yaani marimba ya Wagogo, aliyefariki mwaka 2003, jina la kitabu pekee linatosha kumvuta kijana.

Sekondari mambo huwa magumu, maana riwaya nyingi husomwa kwa ajili ya mtihani. "Watoto wa Mama Ntilie" ya Emmanuel Mbogo inastahili kusomwa hata na asiye na mtihani: watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mama anahangaika na biashara ya chakula, baba amezama katika pombe. "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kabla ya kurudi darasani kama kitabu cha kiada. Marufuku ile haikuwa na haki, kwani kitabu kinaonya zaidi ya kinavyoshawishi. Hata hivyo ni vyema kisubiri umri wa miaka kumi na sita hivi, na kijana awe na mtu mzima wa kuzungumza naye juu ya Rosa na ukali wa baba yake.

Watu wazima wa nyanda za kati wana sababu yao ya kusoma "Dunia Uwanja wa Fujo", riwaya nyingine ya Kezilahabi, ya mwaka 1975. Tumaini, mwenye mashamba, anagongana na siasa ya vijiji vya Ujamaa hadi anamwua mkuu wa wilaya. Watu wa mkoa wa Dodoma walihamishiwa vijijini mapema, katika Operesheni Dodoma iliyoanza mwaka 1971, na wazee waliohamishwa wanaweza kuipima riwaya kwa yale waliyoyaona wenyewe.

Mwandishi wa kuwaunganisha wote hawa ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, akawa mtumishi wa serikali, hakimu na mshairi. "Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika", iliyotoka mwaka 1954, inaeleza asili ya koo na watemi na maisha ya watu wao. Aliiandika kwa Kiswahili, hivyo Mrangi wa Kondoa au Mnyaturu wa Singida anaisoma sawasawa na Mgogo wa Mvumi. Msomaji azingatie kwamba iliandikwa wakati wa ukoloni na mtu aliyekuwa ndani ya utawala. Habari za watemi zisomwe kwa tahadhari hiyo. Thamani yake iko palepale. Mwaka 1995 ilitolewa kwa Kiingereza katika tafsiri ya mwanahistoria Gregory Maddox.

Kazi ya Mnyampala iliyoenea zaidi ni "Ngonjera za UKUTA" (Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania), vitabu viwili vilivyochapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Katika ngonjera wahusika hujibizana kwa beti: mmoja anapinga au hajui, mwingine anaeleza, mwishoni wanaafikiana. Mada nyingi ni za siasa ya baada ya Azimio la Arusha, na baadhi zimechakaa. Umbo lake halijachakaa hata kidogo. Bibi akichukua nafasi ya mwenye hekima na mjukuu ya mbishi, wote wawili wanasoma kwa sauti, na mdogo anayesikiliza pembeni anashika vina kabla hajajua herufi.

Kitabu cha Mnyampala cha mwaka 1954 kinastahili kuchapishwa upya kwa bei ya mzazi wa kawaida, na kuwekwa katika maktaba za shule za Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Wachapishaji na halmashauri za mkoa waanze na hicho.