Mkosaji Anapokuwa Msimulizi: Filamu za Uhalifu wa Fedha na Yanayoachwa Nje

Filamu nyingi mashuhuri kuhusu uhalifu wa fedha, yaani wizi unaotendwa kwa simu na vitabu vya hesabu badala ya silaha, zina kasoro inayotokana na chanzo chake, kwa kuwa hutungwa kutokana na kumbukumbu zilizoandikwa na wakosaji wenyewe. The Wolf of Wall Street, iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 2013, ilitokana na kitabu cha Jordan Belfort, dalali wa hisa aliyeanzisha kampuni ya Stratton Oakmont huko Long Island, karibu na jiji la New York. Mengi ambayo mtazamaji angedhani yametiwa chumvi yalitokea kweli, ikiwamo boti ya kifahari kuzama katika Bahari ya Mediterania. Upotoshaji umo katika yale yasiyoonyeshwa.

Lisiloonyeshwa vya kutosha ni wizi wenyewe. Stratton Oakmont ililimbikiza hisa za kampuni changa, ambazo bei yake ni rahisi kusukumwa, na kuziweka kwa majina ya watu wengine ili mmiliki halisi asijulikane. Kisha madalali vijana, waliokaririshwa maneno ya kusema, waliwapigia simu watu wasiowajua na kuwashawishi wanunue, na bei ilipopanda kwa nguvu ya ununuzi huo, hisa zilizofichwa ziliuzwa na wateja wakabaki na karatasi zisizo na thamani. Mteja aliyetaka kuuza mapema alizungushwa mpaka apatikane mteja mwingine wa kuzichukua hisa zake, kwani kila hisa iliyorudi sokoni ingeishusha bei. Katika filamu, Leonardo DiCaprio, anayemwigiza Belfort, anaanza kueleza jinsi hisa zinavyouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, kisha anakatiza kana kwamba maelezo hayo hayamhusu mtazamaji, ilhali hapo ndipo penye kosa lenyewe.

Walioibiwa nao wanasikika tu kama sauti ndani ya simu, huku wauzaji wakiwacheka. Mahakama iliyomhukumu Belfort mwaka 2003 ilimwamuru alipe fidia ya dola milioni 110.4 kwa watu zaidi ya 1,500, lakini hadi mwaka filamu ilipotoka, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, zilikuwa zimelipwa takribani dola milioni 11.6. Gerezani alikaa takribani miezi 22. Katika onyesho la mwisho Belfort halisi anajitokeza jukwaani kumkaribisha mwigizaji anayemwigiza, heshima ambayo hakuna hata mmoja kati ya aliowadhulumu aliyepewa.

Rogue Trader ya mwaka 1999 ina kasoro hiyohiyo kwa sura nyingine. Nick Leeson, ambaye kitabu chake ndicho msingi wa filamu hiyo, alificha hasara katika akaunti namba 88888 huko Singapore hadi ikafika pauni milioni 827 na kuiangusha benki ya Uingereza ya Barings, iliyomwajiri, mwezi Februari 1995. Filamu inamfuata kijana mmoja anayezama, lakini uchunguzi wa Benki Kuu ya Uingereza ulikazia zaidi mfumo uliomruhusu kufanya biashara na papo hapo kuzikagua hesabu za biashara hiyo, huku makao makuu London yakimtumia mamia ya mamilioni ya pauni bila kudai maelezo ya kutosha.

Kuhusu filamu ya Belfort, swali la fedha halikuishia kwenye hadithi yake. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilidai mahakamani kwamba gharama za kuitengeneza zilitokana na fedha zilizochotwa kutoka 1MDB, mfuko wa maendeleo wa serikali ya Malaysia. Mwaka 2018 kampuni iliyoitengeneza, Red Granite, ilikubali kulipa dola milioni 60 bila kukiri kosa, na mwaka uliofuata dola milioni 57 kati ya hizo zilirudishwa kwa wananchi wa Malaysia.