Mchezo wa Maneno kwa Alama za Elementi: Kipimo Kidogo cha Silabi za Kiswahili

Wataalamu wa kemia huandika kila elementi kwa alama ya herufi moja au mbili. Desturi hiyo yatokana na Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi, aliyependekeza katika miaka ya 1813 na 1814 kwamba alama zitolewe katika majina ya Kilatini. Ndiyo sababu sodiamu huandikwa Na, kwa jina lake natrium, na potasiamu huandikwa K, kwa jina lake kalium, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lihusulo majivu ya mimea. Leo alama hizo ni 118. Wanafunzi wa nchi nyingi wamezifanya mchezo: huchukua neno na kujaribu kuliandika kwa alama tupu, pasipo kubakiza herufi. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba mchezo huo, ukichezwa kwa Kiswahili, si kichekesho tu, bali wapima umbo la lugha yenyewe.

Tuanze na maneno madogo. "Ni" ni nikeli, "si" ni silikoni, "la" ni lanthanamu, "na" ni sodiamu. Lugha yakiri, yakana, yakataa na yaunga kwa elementi moja moja. Wala haidhuru kukumbuka kwamba sodiamu nayo ni nyepesi kuungana, kwani ndiyo iliyomo katika chumvi ya mezani. Baba ni bariamu mara mbili (Ba-Ba), na bibi ni bismuthi mara mbili (Bi-Bi). Mama hana njia, kwa sababu hakuna alama ya M peke yake wala ya Ma. Lakini tukimwita kwa neno la kale la washairi, nina, twampata mara moja (Ni-Na). Vivyo hivyo tembo hupotea, ndovu hubaki (Nd-O-V-U). Mwenye hazina ya visawe ndiye ashindaye.

Msamiati wa wanalugha umebahatika: sarufi (S-Ar-U-F-I), kamusi (K-Am-U-Si), fasihi (F-As-I-H-I), nahau (Na-H-Au), na hata konsonanti (K-O-N-S-O-Na-N-Ti). Kiswahili chenyewe, ole wake, hakiandikiki: hukwama kwenye a ifuatayo w.

Hapo ndipo penye sababu. I, O na U zina alama zake. A na E hazina. A hupatikana katika jozi tu, ama ikiwa ya pili (Ba, Ca, Ga, La, Na, Pa, Ra, Ta), ama ikiwa ya kwanza (Ac, Ag, Al, Am, Ar, As, At, Au). Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kibantu huishia kwa a, kwa hiyo mwishoni jozi za kwanza tu ndizo zifaazo. Matokeo yake ni kwamba kula kwaandikika (K-U-La), kupika hakuandikiki. Kulala kwawezekana, kuamka hapana. Katika viunganishi vya a-unganifu, wa, ya, za, cha, vya, kwa na mwa huanguka; la na pa husimama. Ngeli ya ki- na vi- hupita bila taabu (kitabu, vitabu, kisu, visu), lakini neno (Ne-No) halina wingi, maana ma- haina alama.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni mnyambuliko. Pata huandikika (Pa-Ta). Patia, patwa na patika hushindwa. Patana hupita (Pa-Ta-Na). Katika kauli zetu za kawaida, ya kutendana ndiyo peke yake ambayo mwisho wake hukubali alama hizi.

Lahaja nazo zina faida yake. Herufi J haimo katika alama yoyote, basi jina haliandikiki. Lakini "ina" ya Kiamu huandikika (I-Na).

Mwisho, orodha ya alama imebadilika, na maneno yamebadilika nayo. Watu (W-At-U) waliwezekana baada ya astatini kupewa jina mwaka 1947. Mtu mmoja alingoja hadi 1997, ilipothibitishwa alama ya meitneriamu (Mt-U). Tangu hapo methali nzima yaandikika: Mtu ni watu, yaani Mt-U Ni W-At-U. Lakini mwaka huohuo neno jingine lilipotea. Tangu 1970 wataalamu wa Berkeley, Marekani, walikuwa wakiiita elementi ya 105 hahniamu, kwa alama Ha. Katika uamuzi wa 1997 ikawa dubniamu, Db. Hivyo mtu alipopatikana, haki (Ha-K-I) iliondoka. Yafaa ijulikane kwamba meitneriamu ni ukumbusho wa Lise Meitner, aliyechunguza uraniamu pamoja na Otto Hahn kwa miaka; tuzo ya Nobel ya kemia ya 1944, kwa ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha atomu, alipewa Hahn peke yake.

Alama hizi hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili, kama vile herufi za Kiarabu, walizoandikia wazee wetu tenzi, hazikuwa na p wala v, wala alama za e na o. Kila lugha ivaapo nguo iliyoshonewa mwingine, pale inapobana ndipo umbo lake huonekana. Na umbo la Kiswahili limebanwa hasa kwenye a.