Pumzi ya Seli na Jiko la Makaa Chumbani

Mpunga wa Ahero humea ukiwa umesimama majini. Maji yavutwayo kwa pampu kutoka Mto Nyando hufunika udongo, na udongo uliofurika huwa na oksijeni haba mno. Lau mahindi yangepandwa humo, mizizi yake ingekosa hewa na mmea ungenyauka. Mpunga husalimika kwa kuwa mabua na mizizi yake ina njia mithili ya mirija, zipitishazo hewa kutoka majanini hadi mizizini.

Mzizi wahitaji hewa kwa sababu kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, na seli haiishi bila nguvu. Wali au ugali tulao humeng'enywa ukawa sukari iitwayo glukosi, nayo damu huifikisha kwenye seli. Humo huvunjwavunjwa, na kazi kubwa hutimizwa kwa oksijeni katika vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Hutoka nguvu, maji, na kabonidioksaidi tuitoayo kwa pumzi. Huo ndio upumuaji wa seli.

Bila oksijeni, nguvu hupatikana kidogo tu. Mama aumuaye mahamri ameyaona hayo: hamira ni viumbe hai, na ndani ya kinyunya kisichopitisha hewa huvunja sukari na kutoa kabonidioksaidi iumuayo unga. Hamira hutosheka kwa njia hiyo, mwanadamu hatosheki. Glukosi ivunjwapo kwa oksijeni huipa seli vizio 30 hivi vya nguvu. Bila oksijeni ni 2 tu. Kwa hivyo viwili ubongo na moyo havidumu.

Hapa ndipo lilipo neno letu kwa wazazi. Mvua zinyeshapo na baridi ya usiku ikaingia katika uwanda wa Kano, wako waingizao jiko la makaa chumbani na kufunga milango na madirisha. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huishika hemoglobini, ambayo ndiyo ibebayo oksijeni damuni, kwa nguvu ipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala huendelea kuvuta pumzi, kifua kikipanda na kushuka, ilhali seli zake zimenyimwa oksijeni. Mtoto aliye tumboni mwa mamaye yumo katika hatari kubwa zaidi.

Msihadaike kwa kuwa moshi umekwisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi yangali yakitoa sumu hiyo. Jiko na liachwe nje, nasi tujifunike mablanketi. Wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au kichefuchefu watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, watolewe nje upesi, kisha wapelekwe hospitali. Nafsi ni amana, na mlango ulio wazi ni gharama ndogo ya kuihifadhi.