Mifunguo na Miongo: Maneno ya Hesabu ya Sikukuu katika Pwani ya Lindi

Mgeni akiuliza Kitomanga, kaskazini ya mji wa Lindi kwenye njia iendayo Kilwa, Maulidi yasomwa mwezi gani, wazee humjibu, "Mfungo Sita." Mimi nilikua na neno hilo. Lakini nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwenzangu mmoja wa Meksiko alinieleza Siku ya Wafu ya kwao, tarehe 1 na 2 Novemba, kisha akaniuliza sikukuu zetu zahesabiwaje. Nilitaja majina, hesabu yenyewe sikuweza kuieleza. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Hesabu ya kwanza ni ya mwezi mwandamo. Asili ya neno ni mfunguo, kutokana na kufungua saumu. Ndimi zimelifupisha likawa mfungo, hata laonekana kusema kinyume cha maana yake. Mwezi ufuatao Ramadhani ni Mfunguo Mosi, na hesabu huendelea hata Mfunguo Tisa. Miezi mitatu tu ndiyo iliyobaki na majina ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Basi Iddi ndogo ni mosi Mfunguo Mosi, Iddi kubwa ni kumi Mfunguo Tatu, na Maulidi ni kumi na mbili Mfunguo Sita. Mwaka huu una siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu hizo huzunguka majira yote.

Mkulima na nahodha hawakuweza kutegemea hesabu izungukayo hivyo. Wao walifuata mwaka wa jua wa siku 365, uanzao Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mkesha wake huitwa Kibunzi. Siku 360 ziligawanywa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi. Tano zilizosalia zilikamilisha mwaka. Kwa miongo watu walijua wakati wa kupanda na wakati wa pepo za kusi na kaskazi. Kwa kuwa mwaka huu hauna siku ya nyongeza, hutangulia siku moja kila miaka minne. Siku hizi huangukia Julai, kama ionekanavyo Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa.

Yule mwenzangu angalifurahi kusikia haya. Waazteki wa Meksiko ya kale nao walikuwa na mwaka wa siku 365: miezi 18 ya siku ishirini ishirini, na siku tano za mwisho, nemontemi, zilizohesabiwa kuwa za nuksi. Hawakukutana na watu wa pwani yetu. Ni jua lilelile lililowafundisha wote.

Neno mwongo ni la Kibantu: Kikuyu husema mirongo, na Kinyarwanda vivyo hivyo, kwa maana ya makumi. Leo magazeti yaandika muongo kwa maana ya miaka kumi, na msomaji kijana hajui kwamba palikuwa na mwongo wa siku kumi. Neno limesalimika, elimu iliyobebwa nalo yapotea. Yafaa basi kila mtafiti aendaye Kilwa au Lindi asitosheke kuandika majina; awaulize wazee na kuhesabu pamoja nao, maana kamusi huhifadhi neno, lakini hesabu huhifadhiwa na mwenye kuitumia.